Mjane Aliyekonda

Trizah alianza kukonda mwezi wa tatu, na kufikia wa tano Ndhiwa nzima ilikuwa imekubaliana kwamba yeye ndiye aliyempenda Jared.

Hakuna aliyenitamkia hivyo ana kwa ana. Niliyasikia kwa fundi, nilipokwenda kupimwa nguo ya ukumbusho. Ilikuwa imebaki miezi mitatu tutimize mwaka tangu tumzike mume wetu, na familia ilikuwa imeamua sisi wajane wawili tushonewe kitambaa kimoja, cha zambarau chenye maua meupe. Fundi wetu ni Bochaberi, mama wa Kisii mwenye cherehani mbili kando ya soko. Alizungusha futi kiunoni mwangu, akasoma namba, akazungusha tena.

"Mama Bonface, ulipokuja kushona ya mazishi ulikuwa hapa." Akanionyesha kwa kidole kwenye futi. "Sasa uko hapa."

"Futi yako imekunjamana."

"Futi ni nzima, mama. Usijali, nitaongeza kitambaa ubavuni, hakuna atakayeona." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Mwenzako alipita juzi. Yeye nimempunguzia mara mbili na bado nguo inampwaya. Masikini. Huzuni inamla yule. Hata wanawake waliokuwa wamekaa hapo walimsikitikia."

"Walisema nini?"

Bochaberi alijifanya anatafuta chaki.

"Nimekuuliza walisema nini."

"Ah, maneno ya soko. Walisema kama unataka kumwona mjane wa Jared, mwangalie yule."

Nililipa arbuni nikaenda nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nahesabu vitu ambavyo Trizah alikuwa amechukua.

Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Jared alinioa mwaka niliomaliza kidato cha nne. Trizah alikuja miaka kumi na mbili baadaye, akajengewa Masara, kule wanakochimba dhahabu, kwa sababu Jared alikuwa na kinu cha kusaga mawe huko. Kuanzia hapo siku za kazi zikawa za Trizah. Mimi nilibaki na Ijumaa jioni, Jumamosi, Jumapili mpaka baada ya kanisa, na Krismasi. Nilizoea. Mtu huzoea. Lakini alipokufa, kwa kiharusi, asubuhi moja pale kinuni, nilifikiri angalau kulia tungelia sawasawa.

Huzuni yangu mimi ilikuja kwa njia nyingine. Kila Ijumaa nilisonga ugali wa watu wawili, kama nilivyofanya miaka yote. Mkono wenyewe ulikuwa umezoea kiasi hicho cha unga. Nilipakua sahani mbili. Na kwa kuwa sikuweza kumpa mbwa chakula cha Jared, nilikila mimi. Samaki wake, mboga yake, hata ule ukoko aliopenda. Baadaye ikawa si Ijumaa tu.

Siku ya mazishi, kwa desturi yetu, wajane huvaa kitu cha marehemu. Risper, dada yake Jared, ndiye aliyegawa. Mimi nikapewa koti lake la kijivu la kanisani. Trizah akapewa mkanda wa suruali. Nakumbuka nilifurahi, hapohapo kando ya jeneza, na sijawahi kumwambia mtu. Koti ni koti. Mkanda ni kipande cha ngozi. Siku ile nililifunga koti vifungo vyote. Nilipotoka kwa Bochaberi nikalijaribu tena, na kati ya kifungo na tundu lake ilibaki nafasi ya kiganja kizima.

*

Mwezi wa sita familia ilikutana nyumbani kwangu kupanga ukumbusho. Trizah alifika Ijumaa na begi dogo. Ana nyumba yake humuhumu bomani, lakini friji iko kwangu.

"Mikayi, naomba niweke kitu kwenye friji yako."

"Kitu gani?"

"Dawa ya macho ya Liz." Liz ni binti yake.

"Liz amekuja?"

"Hakuja. Ni ya kupeleka shuleni Jumatatu."

Alikiweka nyuma ya maziwa, kimefungwa kwenye leso. Asubuhi alipokwenda kisimani nilitoa maziwa, na leso nikaitoa vilevile. Ndani mlikuwa na boksi, na ndani ya boksi kitu kama kalamu nene, chenye kioo kidogo ubavuni kinachoonyesha maji. Kiingereza changu si kingi lakini kilinitosha kusoma kwamba ni sindano ya kudungwa mara moja kwa wiki. Jina la dawa, semaglutide, nililitafuta kwenye simu nikiwa nimesimama palepale, mlango wa friji wazi, baridi ikinipiga magotini. Simu ikasema: ya watu wenye sukari, na ya kupunguza mwili.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe! Huzuni inayomla Trizah inatoka kwenye kalamu.

Nilitaka kwenda moja kwa moja kwa Risper, aliyekuwa nje akichambua mboga. Nilifika mpaka mlangoni. Kilichonizuia si wema. Nilijua Risper angenitazama kutoka kichwani hadi miguuni na kusema mikayi ana wivu. Na angekuwa anasema kweli. Halafu kulikuwa na jambo la pili, ambalo lilinijia nikiwa bado nimeshika kitasa: kama huzuni inaweza kudungwa, basi na mimi nidungwe. Ukumbusho ulikuwa tarehe kumi na sita mwezi wa nane. Nilitaka kusimama kaburini nikiwa nimefunga koti la mume wangu vifungo vyote, na watu wanione.

Nikarudisha kalamu ndani ya leso, nyuma ya maziwa.

*

Sikwenda Migori, ambako ningeweza kukutana na watu wa Masara. Nilikwenda Homa Bay, kwenye kliniki moja ya daktari anayeitwa Omwenga. Alinipandisha kwenye mizani, akapima presha mara mbili, akaangalia magoti yangu.

"Mama, uzito huu na presha hii, ni vizuri umekuja. Nani amekuambia habari za sindano?"

"Mke mwenzangu anadungwa."

"Na imemsaidia?"

"Sana. Watu wanamlilia."

Aliinua macho lakini hakuuliza. Akachukua karatasi akaandika majina matatu, liraglutide, semaglutide na tirzepatide, akanigeuzia nisome.

"Zote zinafanya kazi karibu na njia moja. Zinauambia ubongo umeshiba, na tumbo linatoa chakula polepole. Hii ya kwanza unajidunga kila siku. Hii ya pili, mara moja kwa wiki. Ya tatu pia ni ya wiki, ni mpya kidogo, na kwa wengi inapunguza zaidi. Zote zinaweza kukutapisha, zote zinahitaji friji, na zote unaanza na kipimo kidogo, unapanda mwezi kwa mwezi. Ukiacha, uzito unaweza kurudi. Kwa hiyo si kitu cha kuvaa siku moja na kuvua."

"Mwenzangu anatumia hiyo ya katikati."

"Sawa."

"Nataka hiyo ya mwisho."

"Kwa nini?"

"Si umesema inapunguza zaidi?"

Daktari Omwenga aliweka kalamu chini. Ni mtu wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu. "Mama, hapa hatununui gari kumshinda jirani. Dawa ya mwenzako imechaguliwa kwa mwili wa mwenzako. Wewe nitakuchagulia kwa mwili wako, tukisaidiana. Unataka kupungua kufikia lini?"

"Tarehe kumi na sita mwezi wa nane."

"Kuna harusi?"

"Kuna ukumbusho wa mume wangu."

"Pole sana," akasema. Halafu akavuta fomu. "Nikuulize maswali machache. Kuna mtu kwenu aliyewahi kuugua saratani ya hapa, shingoni, kwenye tezi?"

"Hapana."

"Wewe mwenyewe umewahi kuwa na mawe kwenye nyongo? Au kuvimba kongosho? Maumivu makali ya tumbo la juu, yanapenya hadi mgongoni, mpaka ukalazwa?"

Alikuwa ananitazama usoni. Nilijua jibu likiwa ndiyo, yale majina matatu yangerudi mezani kwake.

"Hapana," nikasema.

"Hujawahi kulazwa?"

"Kujifungua tu."

Akaweka alama. Akanituma maabara ya pale wakanitoa damu, akaniambia nirudi Alhamisi ya wiki inayofuata tuangalie majibu na tuchague pamoja. Nilitoka nje nikiwa na ile karatasi ya majina matatu ndani ya mkoba, na sikujisikia vibaya hata kidogo. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo.

*

Siku zile zote nilikuwa nachagua. Nikisafisha nyumba nachagua, nikikamua nachagua. Ile ya kila siku niliitupa mapema, maana kila siku ni mara nyingi mno za kujificha. Nikabaki na mbili za wiki, na kusema kweli sikuwa nachagua dawa, nilikuwa najiona mwembamba kuliko Trizah. Nilikuwa nawasikia wanawake wa soko. Jamani, mikayi naye! Mifupa mitupu!

Jumamosi Trizah alikuja tukapalilia kaburi. Kazi hiyo ni ya wajane, hatukumwita mtu. Yeye alishika upande wa kichwani, mimi wa miguuni. Aliinama na kuinuka bila kushika kiuno, kama msichana. Nilimwangalia mpaka nikashindwa kunyamaza.

"Macho ya Liz yanaendeleaje?"

"Yanaendelea vizuri."

"Na yeye hudungwa wapi, kwenye jicho lenyewe?"

Jembe lake likasimama. Hakugeuka mara moja.

"Ulifungua leso yangu."

"Friji ni yangu."

"Friji ni ya Jared," akasema. Halafu akakaa chini kwenye nyasi tulizokata, akafuta jasho. "Ni sukari, mikayi. Walinipima Migori miezi michache baada ya kumzika. Ilikuwa juu sana. Daktari akasema na mwili ni mwingi, dawa hii itashika yote mawili. Umeshamwambia nani?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

Nikamwuliza mimi: "Na wewe kwa nini unaacha watu waseme ni huzuni?"

"Ningewaambia nini? Mwanamke wa Masara akikonda, unajua wanasema ana nini. Wakasema ni huzuni, nikanyamaza." Aling'oa jani moja. "Na pia nilipenda. Nisikudanganye. Tangu nije kwenye boma hili, ni mara ya kwanza watu kusema neno zuri juu yangu. Ulitaka niwakatize?"

"Na mimi nakwenda kuchukua yangu Alhamisi," nikasema. "Mpya. Inashinda yako."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichosahau.

"Wewe? Si uliugua kongosho?"

"Nani alikuambia?"

"Nani aliniambia! Mwaka ule, Liz akiwa mchanga, si Jared aliondoka kwangu asubuhi na gari la kukodi, akakuchukua hapa akakupeleka hospitali Migori? Nilikaa siku tisa sina mume. Nikipiga simu, ananiambia kongosho ya Mama Bonface. Nikipiga tena, kongosho. Nilichukia hata hilo neno. Daktari wangu aliponiuliza kama nimewahi kuugua kongosho, nilitaka kumwambia, mimi hapana, lakini iliwahi kunitesa." Akanigeukia. "Wako hakukuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamwambia nini?"

Niliendelea kupalilia mahali ambapo palikuwa pameshapaliliwa.

"Mikayi. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hapana."

Trizah alilitupa lile jani. Kisha akasema, polepole, na haikuwa sauti ya kunihurumia. Ilikuwa sauti ninayoijua vizuri, kwa sababu ni yangu.

"Alilala sakafuni kando ya kitanda chako siku tisa. Kwenye simenti, na boksi la katoni. Aliporudi kwangu alikuwa amekonda mpaka suruali inaanguka. Aliniomba msumari, akaupasha moto, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, pale mlangoni kwangu. Mimi ndiye niliyempa msumari. Mimi sijawahi kumkondesha Jared hata siku moja. Ningekuwa na siku hizo tisa, mikayi, ningemwambia daktari hata kabla hajauliza."

Habari ya tundu sikuwa naijua. Nilikumbuka simenti, nilikumbuka boksi la katoni lililoandikwa jina la sabuni, nilikumbuka mkono wake ukipanda kutoka chini kunigusa kama bado napumua. Lakini alikuwa ameondoka hospitalini akiwa ndani ya koti, na mimi nilikuwa nimelala. Sikuona amekonda.

"Nipe huo mkanda," nikasema.

"Sikupi."

"Nitakupa koti."

"Hata ukinipa friji," akasema Trizah, akainuka, akaendelea na kazi.

*

Alhamisi nilikaa mbele ya Daktari Omwenga. Alikuwa amefungua faili langu na majibu ya damu. "Haya mama, tumefikia ipi?"

Ile karatasi ya majina matatu nilikuwa nimeikunja ndogo mkononi. Nilijua nikisema "ya tatu" angeandika, na Jumamosi ningekuwa na kalamu yangu nyuma ya maziwa yangu. Nilijua pia sauti itakayotoka ikisema hivyo. Ni sauti ileile iliyosema kujifungua tu.

"Daktari, niliwahi kulazwa Migori," nikasema. "Kongosho ilivimba. Walisema ni mawe ya nyongo. Siku tisa. Mume wangu alilala sakafuni."

Hakunigombeza. Alirudi kwenye ukurasa wa maswali, akafuta alama, akaandika nyingine, akauliza mwaka, akauliza kama nyongo ilitolewa, nikasema haikutolewa. Nilimweleza zaidi ya alivyouliza. Nilimweleza habari ya boksi la katoni. Aliandika, ingawa sidhani kulikuwa na nafasi ya boksi kwenye ile fomu.

"Mama," akasema mwishoni, "kwa historia hii, mimi sikupi hata moja kati ya hizi tatu. Yale maumivu unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Basi hatutayaita yarudi. Nitakuandikia dawa ya presha. Tutaangalia hiyo nyongo kwa picha. Na chakula tutazungumza. Jioni unakula nini?"

"Sahani mbili."

"Ya pili ni ya nani?"

Nilimwambia ya nani. Alivua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Anza kwa kusonga ugali wa mtu mmoja," akasema. "Utashindwa mara ya kwanza. Songa tena kesho yake."

Nilishindwa mara ya kwanza, na ya pili pia. Wivu nao haukupungua. Nilikuwa nimefungiwa mlango ambao Trizah alikuwa ameshapita, na kila nilipomwona mwezi ule alikuwa mwembamba zaidi.

*

Tarehe kumi na sita ilikuwa Jumamosi, siku ya sindano yake. Asubuhi alikuja kufungua friji, mbele yangu, bila leso.

"Dawa ya macho," akasema.

"Mwambie Liz apone haraka," nikamjibu, na tulicheka, sijui kama tulikuwa tumewahi kucheka pamoja kabla ya hapo.

Watu walijaa boma. Mimi nilivaa nguo ya zambarau, Bochaberi alikuwa ameongeza kitambaa ubavuni na kweli hakuna aliyeona, na juu yake koti la Jared likiwa wazi, maana halikufunga. Trizah alitoka nyumbani kwake wa mwisho. Nguo ilikuwa imempwaya tena, hakukuwa na muda wa kuipunguza mara ya tatu, kwa hiyo alikuwa ameifunga kiunoni kwa mkanda wa marehemu. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Mmoja alianza kulia hapohapo.

Mchungaji alipotuita kusema machache, Trizah alishindwa. Alilia, na akina mama wakalia naye, na sikuwa na shaka kwamba analia kweli. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimejiandaa kusema habari za siku tisa. Nilitaka wasikie. Nilifungua mdomo, na macho yakaangukia kiuno cha Trizah.

Mkanda ule una matundu matano ya kiwandani, yamepangana sawa. Baada yake, kwa ndani, kuna la sita, limepinda kando kidogo, kingo zake nyeusi za kuungua. Ndilo alilofungia. Mbele ya watu wote wa Ndhiwa na Masara, Trizah alikuwa amefungwa kwenye tundu ambalo mume wangu alitoboa aliponikondea mimi.

Nilisema asanteni kwa kuja, karibuni chakula. Nikarudi kukaa.

Risper aliniinamia sikioni, ananuka moshi wa jikoni. "Mikayi, mwangalie mwenzako, anaisha. Na wewe hata chozi?"

"Nimemwona," nikasema, kwa sauti iliyofika upande wa pili. "Mkanda umemkaa vizuri."

Trizah alisikia. Alinitazama kwa jicho la pembeni, machozi bado mashavuni, na taratibu akaweka kiganja juu ya lile tundu, akalifunika, mpaka ibada ilipokwisha.